Pomedi ya maji kwa kila aina ya nywele: maswali ninayoulizwa kila siku kwenye kiti changu hapa Tanga

Mi ni kinyozi, kiti changu kiko Ngamiani, na kwenye hicho kiti kimoja asubuhi anaweza kukaa Mdigo mwenye kipilipili kavu, akija kunyanyuka anakaa Mwarabu wa mtaa wa pili nywele zimejikunja mawimbi, mchana anaingia kijana wa Kihindi singa tupu kitana kinateleza chenyewe, jioni anakuja Msambaa kashuka na basi la Lushoto, na wote hao swali lao moja tu, fundi nipake pomedi gani? Nikaona bora niyaandike yote sehemu moja, kila mtu asome kwa nafasi yake.

Kuna kitu naomba ukishike kabla hujaendelea. Yule mtu wa kwenye picha ya kopo ana kichwa chake na anaishi kwenye hewa ya kwao. We angalia nywele zako na hewa ya Tanga, hapo ndo uchague.

Pomedi ya maji ndo nini hasa?

Pomedi yoyote kazi yake ni mbili, kushika mtindo na kung'arisha. Tofauti yake na jeli ni kwamba haitakiwi ikauke ikawa gamba, mchana ukitaka kupitisha kitana urekebishe mbele inatakiwa ikubali. Zamani zote zilikuwa za mafuta, yani mafuta ya mgando, nta ya nyuki, mafuta ya manyoya ya kondoo, na harufu juu. Wazee wetu wengi walipaka nazi tu wakatoka zao, na wengine walikuwa na Brylcreem, ile ilianza kutengenezwa Birmingham kule Uingereza mwaka 1928, ni mafuta na maji yaliyochanganywa yakawa krimu nyeupe, ukimtajia mzee wa hapa anaikumbuka mpaka harufu.

Ya maji ni ile ambayo kitu kingi ndani yake ni maji yenyewe, afu kuna viungo vinavyofanya nta na mafuta yakubaliane na hayo maji, ndo maana ukienda kuoga inatoka bila kugombana nayo. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, basi pomedi ya maji ndo hivyo hivyo, asubuhi inakuja jioni inaondoka. Ya mafuta ukiipaka Jumatatu Alhamisi bado unaoga nayo.

Ila humo humo kwenye za maji kuna koo mbili na wauzaji hawakwambii. Kuna ya jeli jeli, ukiitazama inapitisha mwanga, ukiichota inatetemeka, hii inang'aa sana na inakaukia kichwani kidogo. Na kuna ya krimu, nyeupe au rangi ya maziwa, ina nta ndani, haikauki, inabaki laini siku nzima. Majibu mengi huko chini yanategemea hizi mbili kwaiyo usizisahau.

Nitajuaje kopo nililoshika ni la maji kweli na sio nimeandikiwa tu?

Geuza kopo usome orodha ya vilivyomo. Vinaandikwa kuanzia kilichomo kwa wingi kwenda kidogo. Ukikuta cha kwanza ni Aqua au Water, hiyo ni ya maji. Ukikuta cha kwanza Petrolatum, hayo ni mafuta ya mgando, hata kama mbele wamechora matone ya maji na mawimbi ya bahari.

Kama maandishi yamefutika au una kopo nyumbani hulielewi, fanya hivi. Chota kiasi cha punje ya hindi weka kiganjani, dondoshea matone mawili matatu ya maji, sugua na kidole. Ya maji inageuka kuwa kama tui jepesi, ukisuuza kiganja kinabaki kisafi. Ya mafuta matone yanakaa juu yake yamejikusanya kama umande kwenye jani la mgomba, hata usugue vipi hayaingii.

Na angalia tarehe ya kuisha muda, na kile kialama kidogo cha kopo lililofunguliwa mfuniko, kimeandikwa 12M au 24M, maana yake miezi ya kutumia tangu siku umelifungua. Mambo ya vipodozi nchini tangu tarehe 1 Julai 2019 yako chini ya TBS, kabla ya hapo ilikuwa TFDA, kwaiyo ukikuta kopo halina jina la mtengenezaji, halina vilivyomo, halina tarehe, liache dukani hata likiwa bei ya kutupa.

Sijui nywele zangu ni aina gani, nifanyaje?

Mtandaoni utakutana na namba 1 mpaka 4 na herufi pembeni, huo mpango wa namba aliuanzisha Andre Walker, mtengeneza nywele wa Oprah Winfrey, miaka ya 1990. Unasaidia lakini sio lazima uukariri. Siku ya mapumziko osha nywele kwa shampuu, usipake kitu chochote, ziache zikauke zenyewe. Zikianguka chini zimenyooka hiyo ni singa. Zikikunja kama herufi S hayo ni mawimbi. Zikijiviringisha kama springi ya kalamu ni za kujikunja. Zikijisokota kabisa zikarudi kwenye ngozi zikawa vidonge vidonge, hiyo ni kipilipili.

Afu shika unywele mmoja kati ya vidole viwili. Ukiusikia kama uzi wa kushonea ni mnene, usipousikia kabisa ni mwembamba. Hili watu wanaliruka na ni kubwa sana, maana singa nyembamba na singa nene hazipaki kopo moja.

Nina kipilipili. Pomedi ya maji inanifaa au ni vitu vya singa?

Inakufaa, ila sio kwa namna ilivyoandikwa kwenye kopo, na hapa nataka nikae kidogo maana ndo wateja wangu wengi na ndo wanaoharibu hela zao.

Kichwa cha kila mtu kinatoa mafuta yake kwenye ngozi. Kwenye singa yale mafuta yanateremka mpaka nchani kwa sababu njia imenyooka. Kwenye kipilipili unywele ni bapa na umejisokota, mafuta yanakwama chini, ncha zinabaki kavu siku zote, na pale kwenye kila kona ya msokoto ndo panapokatikia. Sa we unakuja na pomedi ya jeli jeli ya kushika sana, imetengenezwa kumlaza mtu wa singa, unaipaka juu ya nywele kavu, inakauka nayo, kesho unapitisha chanuo, unasikia kwa masikio yako nywele zinakatika. Afu unasema pomedi mbaya. Haikuwa mbaya, ilikosa kitu chini yake.

Kwa kipilipili unyevu unatangulia. Lowesha kidogo kwa chupa ya kupulizia, nywele ziwe na unyevu sio kuchuruzika, paka krimu ya nywele ya kuacha au mafuta ya nazi kidogo sana, subiri dakika kama tano zinywe, ndo uje na pomedi. Chagua ile ya krimu, ya kushika wastani, na ukiona Glycerin kwenye vilivyomo usiogope, kwako inasaidia kuvuta unyevu. Ukitaka vile vikoili vya juu vinavyosimama vimoja vimoja, pomedi ikishaenea chukua ile sponji yenye matundu, zungusha upande mmoja tu, usiwe unarudi nyuma, dakika tatu nne vimekaa. Usishike tena mpaka zikauke.

Nywele ndefu za afro pomedi ni ya pembeni na mbele tu kwa ajili ya shepu. Huwezi kuijaza afro nzima, itasinyaa.

Na low-cut? Kama umenyoa namba sifuri au moja pomedi huihitaji, tone la mafuta linatosha.

Nataka mawimbi, yale ya weivu ya mzunguko. Ya maji au ya mafuta?

Hapa watu wamegawanyika, na mi nitasema ninachokiona kwenye vichwa. Zile za mafuta ndo za asili kwenye kazi hii, Murray's kwa mfano ni ya kinyozi wa Chicago tangu miaka ya 1920, na inashika kweli kweli. Ila kwa hewa yetu hii na vumbi la pikipiki, ikikaa wiki kichwani inakuwa kama gundi, vumbi limeganda, ngozi haipumui, brashi imejaa uchafu mweusi.

Ya maji ya krimu inataka uvumilivu zaidi lakini kichwa kinabaki kisafi. Nyoa kwa kufuata nywele zinakoelekea, namba moja na nusu au mbili, lowesha, paka kidogo, piga brashi kuanzia utosini kwenda nje pande zote, funga duragi ulale nayo. Asubuhi paji la uso lote linaonyesha mstari wa kitambaa, usijali unaondoka. Osha mara moja kwa wiki. Mawimbi yanatengenezwa na brashi na kitambaa, pomedi inalaza tu.

Nywele zangu ni singa, nyembamba. Kila nikipaka zinalala kama zimemwagiwa mafuta.

Umepaka nyingi au umepaka ya kung'aa sana. Singa nyembamba hazina nguvu ya kubeba kitu kizito. Tafuta ya maji nyepesi, kopo likiwa limeandikwa Light au Medium, na kama ipo isiyong'aa chukua hiyo, maana mng'ao unafanya nywele zishikane na ngozi ya kichwa ionekane katikati. Futa nywele kwa taulo mpaka zibaki na unyevu kidogo, paka, kausha kwa feni huku umezinyanyua kwa vidole.

Singa nene ni kinyume kabisa, zile zinasimama kama brashi ya kufulia, zinataka Strong, zinataka jeli jeli, na zipakwe zikiwa na unyevu, kitana chenye meno ya karibu kinapita hapo hapo kabla haijashika. Vijana wa mstari wa pembeni uliochongwa na wembe wengi ni hawa.

Na za mawimbi au za kujikunja, za Kiarabu, Kisomali, machotara?

Hizi ndo nzuri kuliko zote kwa pomedi ya maji ya krimu, mi nafurahi zikikaa kwenye kiti. Tatizo lake ni moja, kuvimba. Asubuhi katoka nyumbani zimekaa, akifika kivukoni Pangani kichwa kimekuwa kama pamba. Usichane zikiwa kavu, hapo ndo unazivimbisha mwenyewe. Zikiwa na maji, paka pomedi kuanzia nyuma, zifinye finye kwa kiganja kwenda juu, ziache. Na kwa hizi, tofauti na kipilipili, kopo lenye Glycerin nyingi ukiliona imo ya pili au ya tatu kwenye orodha liache, hewa ya pwani imejaa maji tayari, ile inaenda kuyavuta yote yaingie kwenye nywele na uvimbe unaanza saa nne asubuhi.

Joto la Tanga linaifanyaje pomedi?

Ngoja niwape kisa changu, maana ndo kilichonifanya nianze kusoma makopo.

Februari moja, kaskazi imekaza, nilimtengeneza bwana harusi. Suti nyeusi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Nikampaka pomedi nzito ya mafuta, ndo niliyokuwa naijua, nikamlaza nywele nyuma akatoka anang'aa, mama yake akanishukuru pale pale mlangoni. Wakaenda kupiga picha ufukweni saa nane mchana. Saa tisa kasoro simu, fundi hebu njoo tu uone. Nilifika nikakuta mafuta yameteremka nyuma ya masikio mistari miwili, yameingia kwenye kola, kola imekuwa ya njano kama imemwagiwa mchuzi, na anajifuta na leso leso yenyewe inateleza. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu. Zile picha zipo mpaka leo kwenye nyumba yao na kola inaonekana.

Kilichotokea ni hiki, mafuta ya mgando yanalainika mapema sana kwenye joto, na kichwa kilichokaa kwenye jua kinapata moto kuliko hewa. Nta ya nyuki yenyewe inahimili, inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, lakini kopo lile lilikuwa na mgando mwingi nta kidogo. Nazi ndo kabisa, inayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, ndo maana huku chini kwetu ni maji karibu mwaka mzima na mtu wa Lushoto mwezi wa saba anaikuta imeganda kwenye chupa mpaka aiweke kwenye maji ya moto. Ndugu zangu wa milimani mkishuka huku mjue kopo linalowafaa huko sio lazima liwafae hapa.

Ya maji haiteremki namna ile. Ila nayo ina ugonjwa wake, jasho. Jasho ni maji, na yenyewe inayeyuka kwa maji. Ya jeli jeli yenye PVP ndani, yani kile kiungo cha kushikisha mtindo, inavuta unyevu wa hewani, inaanza kunata, ukigusa nywele vidole vinashikana. Ukikuta imeandikwa VP/VA, kiungo cha kushikisha cha jamii hiyo hiyo, hiyo inavumilia unyevu vizuri zaidi. Kwa mtu anayeshinda juani, dereva wa bodaboda, mtu wa bandarini, mi nampa ya krimu yenye nta, na kidogo. Kipindi cha kusi upepo ukipoa unaweza kurudi kwenye jeli jeli yako.

Nikienda kuogelea Raskazone?

Itatoka yote, kubali. Usiongeze nyingine juu ya chumvi maana chumvi inakausha nywele na pomedi inaigandisha hapo hapo. Suuza kwa maji baridi ya bomba kwanza.

Pomedi ya maji inazuia udhu?

Hili naulizwa kila Ijumaa, na hukumu ya dini muulize ustadhi wako, mi nitakwambia tabia ya kitu chenyewe. Ya mafuta yenye nta nyingi inafukuza maji, ukipitisha mkono wenye maji kichwani yanateleza juu, na ukitaka kuoga janaba maji yafike kwenye mashina inabidi uanze na sabuni mara mbili tatu. Ya maji inayapokea, ukilowesha inalainika na inaachia.

Na kuna faida wengi hawajaigundua. Pomedi ya krimu ya maji ikishalala kichwani, mkono wenye maji unaiamsha upya. Mzee mmoja mteja wangu, kila akimaliza kupaka maji kichwani anarudisha nywele nyuma kwa kiganja mara moja tu, akitoka msikitini amekaa vizuri kuliko alivyoingia. Ya jeli jeli haiko hivyo, ile ikishakauka ukailowesha inanata na kuacha mistari.

Nimeona neno Alcohol kwenye kopo. Ni pombe?

Inategemea imeandikwaje. Cetyl Alcohol na Cetearyl Alcohol ni vitu vya mafuta mafuta, vyeupe kama nta, vinalainisha nywele, havilevyi wala havikaushi. Alcohol Denat ndo spiriti yenyewe, inakausha haraka, kwa kipilipili na kwa nywele zilizowekwa dawa mi naikwepa ikiwa juu juu kwenye orodha.

Nimeweka dawa, au nina kalikiti. Naruhusiwa?

Ndio, lakini mpole. Dawa inavunja viungo vya ndani vya unywele ndo unakubali kunyooka, kwaiyo umebaki na unywele dhaifu. Krimu nyepesi tu, kitana cha meno mapana, usiku ioshe au angalau ichane itoke. Kama dawa ilikuunguza, kuna kidonda au ngozi inawaka, usipake kitu chochote mpaka pakauke kabisa.

Dredi je?

Mi nakataa. Nta ikiingia ndani ya dredi haitoki, unakata baada ya miezi unakuta kijivu kijivu katikati kama masizi. Kwa mashina tumia jeli nyepesi ya aloevera.

Nywele zangu zinatoa unga mweupe nikishapaka. Ni mba?

Mara nyingi sio mba. Umepaka mpya juu ya ya jana, au umechanganya vitu viwili visivyoelewana, mfano mafuta mengi chini na jeli jeli juu. Jaribu kiganjani, changanya ile krimu yako na ile pomedi, sugua. Ikifanya vijidonge vidonge kama rangi inayobanduka ukutani, na kichwani itafanya hivyo hivyo. Osha, anza upya na kidogo. Kama umeosha, hujapaka kitu wiki nzima na unga bado unadondoka na kunawasha, hapo tuzungumze mba, na pomedi sio dawa yake.

Nimetoka vipele kwenye paji la uso tangu nianze kupaka.

Hiyo inajulikana kabisa, madaktari wa ngozi Plewig, Fulton na Kligman waliieleza kitaalamu mwaka 1970 kule Marekani, chunusi zinazofuata mstari wa nywele kwa sababu ya mafuta ya kichwani kuteremka kwenye paji. Ya maji inapunguza maana inaoshwa kila siku na nyingi hazina mgando, ila haijakuondolea jukumu. Acha nafasi ya kidole kimoja kutoka kwenye mstari wa nywele, usipake na mikono ile ile ukajifuta uso, osha kabla ya kulala, foronya ibadilishe. Zisipoisha ndani ya wiki kadhaa muone daktari wa ngozi.

Mi ni dada, nataka ya kulaza vinywele vya mbele, na navaa mtandio.

Jeli jeli ya maji, kidogo sana, na mswaki laini ambao huutumii kwa meno. Laza, funga kitambaa cha satini dakika kumi zikauke, ndo uvae mtandio. Ukivaa zikiwa mbichi mtandio unazinyonya na ukija kuvua, kama ni mweusi, unaona mstari mweupe wote. Ninachokuomba dada yangu usivute. Zile nywele za pembeni ni changa na zinachoka mapema, ukizisuka zikaze afu juu yake unazilaza kila siku kwa nguvu, zinarudi nyuma kidogo kidogo na zikishakaa muda mrefu hivyo nyingine hazioti tena. Dada anayesuka chumba cha pili hapo kwetu anawaambia wateja kila siku, rasta ikiuma hapo mbele ifumue, usiinywee panadoli.

Nipake kiasi gani, na naanzia wapi?

Punje ya hindi kwa nywele fupi, haragwe moja kwa nywele za vidole viwili vitatu. Isugue kiganjani mpaka isionekane, viganja vipate joto, afu anzia nyuma ya kichwa kwenda mbele. Karibu wote wanaanzia mbele, ndo maana mbele kumejaa bonge na nyuma hakuna kitu. Ukipaka kwenye unyevu inang'aa zaidi na inashika kidogo, ukipaka kwenye kavu inashika zaidi.

Inaotesha nywele?

Hapana. Nywele zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, kopo haliongezi.

Ndevu?

Za mdomoni, kidogo, ukitaka kuzilaza. Kama una vipele vya kunyoa usipake.

Mtoto wa miaka mitano nimpake, ana sherehe?

Akiwa na kichwa kisafi, ya maji kidogo siku hiyo na ioshwe jioni. Lakini mara nyingi mzazi anakuja kwangu anataka nimpake mtoto ili kufunika, namgeuza naona duara limenyonyoka nywele, pana magamba. Hayo ni mapunye. Hayafichwi na pomedi wala hayaponi kwa kupaka juu juu, yanataka dawa ya kumeza ya hospitali, na mimi nikishamwona nazima mashine, naifuta na spiriti, na namwomba mama ampeleke kwanza. Wengine wananikasirikia. Sawa, ila huyu anayekuja baada yake kwenye kiti naye ni mtoto wa mtu.

Kopo langu limekauka juu, naweza kuongeza maji?

Usiongeze ndani ya kopo. Ile dawa ya kuzuia isioze imepimwa kwa kiasi kile kile, ukitia maji ya bomba, na maji mengine huku ni ya kisima cha chumvi, baada ya wiki inatoa harufu na inaota ukungu. Chota unachotaka kutumia, weka kiganjani, tia tone la maji hapo hapo kiganjani, sugua inarudi. Na kopo usiliache dirishani wala kwenye siti ya gari, funga mfuniko mpaka usikie umekaza, weka kabatini.